Upepo wa Jioni Chini ya Meru

Shule niliiacha pale walipoanza hesabu za kugawanya, kwa hiyo msiniulize hewa ina uzito gani. Hilo walikuja kuniambia wenye kidege. Mimi ninachokijua ni shamba langu, lililo juu ya Ngaramtoni, upande wa mlima Meru jua linakozamia. Najua pia sauti ya mke wangu, na ni kwa ajili ya sauti hiyo nilikubali wageni wakanyage maharage yangu.

Shamba lenyewe limelala kwenye mteremko kama ngozi iliyoanikwa. Nyumba iko juu. Chini yake migomba, halafu mahindi na maharage, halafu kule korongoni majani ya ng'ombe, na huko ndiko nilikokuwa nikishinda. Mchana upepo hupanda mlima. Jua likishazama hugeuka, ukashuka. Enzi zile ulishuka na mambo yote ya nyumbani: moshi, kitunguu kinachokaangwa, kuku wakigombania kulala, na mwisho kabisa sauti yake. "Baba yaooo!"

Baba yao, yaani baba wa hao watoto wake. Kwao mke hakutamka jina la mume, na hata angelitamka sijui kama ningeitika, nilishazoea hilo jingine. Yeye alitoka Machame, mimi ni Mwarusha. Kichaga chake sikukiweza, na Kimaa changu alisema ni kama mtu aliyekanyaga mwiba, basi tukakutana kwenye Kiswahili, njia panda, tukajenga hapo hapo.

Lakini upepo ule una ubahili wake. Unaleta, haurudishi. Ukipiga kelele kutoka korongoni jioni, sauti inakurudia mdomoni. Nilijaribu tulipokuwa na ndoa mbichi, nikaita mpaka koo likakauka, nikapanda nikamkuta amekaa mlangoni.

"Mbona huitiki? Nilidhani fisi amekubeba."

"Nimeitika mpaka basi."

"Basi umemwitikia fisi."

Tangu siku hiyo jibu langu likawa miguu. Naitwa, nafunga mzigo wa majani, napanda. Miaka yote iliyofuata sikuwahi kumjibu kwa mdomo jioni hata mara moja. Hilo sikuliwaza mpaka alipokufa, na ndivyo mtu alivyo, hesabu zake anazifanya duka limeshafungwa.

Tulimzika kwenye migomba, chini kidogo ya nyumba, tukampandia masale, maana kwao sale ni mmea wa heshima, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyaleta huku kwetu akiwa bibi arusi, amefunga kipande kwenye kanga. Hata mpaka wangu na jirani ameupanda yeye. Mnaona ninavyotangatanga, lakini masale haya yatarudi mbele.

Baada ya mazishi niliendelea kushuka korongoni, na jioni nikawa nakaa nangoja. Sikungoja aite, sijachanganyikiwa. Nilingoja upepo tu, unipige usoni kama zamani. Haukuja. Au ulikuja sikuujua. Sikusikia moshi wala kitunguu, na majani ya migomba kule juu niliyaona yamesimama tu kama watu waliopewa habari mbaya. Jirani naye alishapanda mikaratusi katikati ya mteremko, imekua mirefu haraka kuliko watoto wa mjini.

Binti yangu anakaa mjini, Sombetini, anauza vitenge Kaloleni. Kila akija wimbo ni mmoja, nihamie kwake, chumba kimeshapigwa rangi. Siku moja nikamwambia, "Upepo wa mama yako umekufa."

"Baba, upepo haufi. Masikio ndiyo yamechoka."

"Kama umekufa kweli, nafungasha naja kwako. Kama uko hai, usinitajie tena hicho chumba."

Akacheka. "Na shahidi atakuwa nani?"

Shahidi sikuwa naye. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kwetu neno la mzee likishatoka halirudi zizini.

Basi wakaja hao wenye kidege, watu wa chuo. Mwenyekiti wa kitongoji aliwaleta, msichana mmoja mwenye kofia na mwenzake mkimya aliyebeba masanduku. "Shikamoo babu," msichana akasema, "tunaomba kurushia droni hapa kwako. Tunapima upepo unaoshuka kutoka mlimani jioni."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilisahau hata kuitikia marahaba, nikamwonyesha maharage yote, nikasema, simama popote.

Kidege chenyewe kina miguu minne na panga nne za kuzunguka, sauti yake kama nyigu ndani ya debe. Kilipoinuka, kuku jike alikumbatia vifaranga akijua ni kipanga. Nami nilikaza uso tu. Kikapanda wima, kikasimama hewani, kikapanda tena, kikasimama. Nikauliza mbona kinainama kama mlevi.

"Upepo unakisukuma, babu. Kinainama kuukabili ili kisitoke mahali pake. Kadiri kinavyoinama ndivyo tunavyojua upepo una nguvu gani. Kikitikisika hovyo, tunajua hewa imevurugika."

Hiyo niliielewa bila darasa. Mtu mwenye mzigo mgongoni akipanda huku kwetu huinama hivyo hivyo.

Hapo ndipo jirani yangu alipotokea anahema, ameng'oa sale zima na mizizi yake, amelishika mbele kama mwenge. Alikuwa amesikia kuna watu na mtambo, akajua wamekuja kupima ardhi. Akaenda kusimama penye mpaka.

"Hampimi bila mimi! Mpaka ni huu hapa, na mashahidi wako hai!"

"Mzee, hatupimi shamba," msichana akasema. "Tunapima upepo."

"Upepo wa nani?"

"Wa... wa wote."

"Ahaa! Ndivyo wanavyoanzaga. Leo upepo, kesho shamba."

Nikamwambia, "Mzee mwenzangu, hilo sale ulilong'oa ndio mpaka wenyewe. Sasa umebaki na mpaka mkononi."

Akalitazama. Akatazama lilipotoka. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha tukalirudisha wote wawili, tukalishindilia udongo kwa visigino, yeye akisema lisogee kwangu kidogo, mimi nikisema lisogee kwake. Marehemu angekuwepo angetutukana kwa Kichaga.

Wakaja tena jioni nyingine, na nyingine. Binti yangu naye akaja, akasema anataka kumwona shahidi kwa macho yake. Jua lilipozama tulikuwa korongoni, mimi na msichana na yule mkimya. Kidege kilipanda na kushuka, nao wakisoma habari zake kwenye kioo cha mkononi. Nilijizuia kuuliza mpaka nikashindwa.

"Mjukuu wangu, upo au haupo?"

"Nini, babu?"

"Wa kushuka."

"Upo," akasema. "Unaanza jua likizama tu. Ile hewa ya huko juu inapoa, inakuwa nzito, inateremka kama maji. Ni mwembamba, umelala chini, kidege kikipita juu ya miti hakiukuti tena. Ile mikaratusi inauvunja, hapo nyuma yake hewa inajipigapiga, lakini huku chini unatulia tena. Hata sasa uko hapa."

Nikainua mkono. Kweli kulikuwa na ubaridi unapita katikati ya vidole, taratibu, kama mtu anayepita nyumba yenye mgonjwa. Jioni zote zile ulikuwa unanipita. Nilikuwa nautafuta kwa pua na kwa masikio, na hakuna aliyekuwa ameupa kitu cha kuleta.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilikuwa nimeshinda. Binti yangu alikuwa juu nyumbani, amewasha moto, na moshi ukaanza kufika. Halafu kitunguu. Nikasimama. Nikamwona msichana ananitazama, nikageukia majani kama ninayapanga.

Ndipo ikaja sauti, safi kabisa, imepita migomba, imepita mikaratusi na kuvurugika kwake kote.

"Babaaa!"

Ni sauti ya mama yake. Hajui kwamba anayo, na sijawahi kumwambia. Ilikuwa ileile, ndefu ileile, inapanda mwishoni. Nami mguu ulikuwa umeshainuka, nikangoja neno limalizike. Nikangoja lile "yao." Upepo ukaendelea kunipita, umeshafikisha ulichopewa, na ukimya baada ya lile neno ulikuwa na ukubwa wake wote.

Nikafunga mzigo nikapanda.

Binti alinipokea mlangoni na bakuli la loshoro, mahindi ya maziwa mgando. "Haya, shahidi kasema nini?"

"Uko hai."

Akanikabidhi bakuli. "Basi chumba nitapangisha."

"Pangisha."

Hakunibishia. Alifuta macho akasema ni moshi, nami nikasema kuni hizo bado mbichi.

Wale wa chuo wameshaondoka, wameniachia alama ya miguu minne kwenye maharage. Siku hizi korongoni natoka mapema. Jua likiwa bado halijazama nakuwa nimeshafika nyumbani, nawasha moto hata kama chakula ni cha jana, nakata kitunguu kimoja nakitia kwenye mafuta. Kisha nasimama mlangoni, pale alipokuwa akisimama yeye. Upepo unatoka mgongoni kwangu, unaingia kwenye migomba, unapita juu ya masale yake, unateremka.

Naita mara moja tu, jirani asije na sale lingine.

"Mama yaooo!"

Mbuzi wanainua vichwa. Nakaa mlangoni kidogo, sina haraka. Akikaa kimya kule chini, mimi ni nani nimlaumu? Mimi mwenyewe niliwahi kuitika kutoka huko, na haikusikika.