Skrini Bado Haijajaa

Mtaa mzima ulimwita Mama Nembo, ingawa hakuwahi kuzaa. Alidarizi nembo za sare za shule, majina kwenye makoti ya wauguzi, maandishi ya vikundi vya kwaya, na jina la kazi likamganda. Mwenyewe alipenda kusema, "Wanangu wamejaa mtaani, na hakuna hata mmoja anayekuja kunijulia hali." Watu wakacheka, akacheka nao.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la vioo. Mashine ya kudarizi ilikaa ukutani, meza ya kompyuta ikaelekeana nayo, na yeye alijisukuma kati ya hizo mbili kwa kiti cha ofisi chenye magurudumu. Kiti cha pili kilikuwa cha mwenzake aliyekuwa akikata vitambaa. Mwenzake aliolewa akahamia mbali, na sasa kiti kile kilibeba makasha ya uzi.

Programu yake ya kuchorea nembo ilikuwa kuukuu, na kompyuta mpya iliikataa katakata. Mdogo wake wa kiume, fundi wa kompyuta aliyeishi ng'ambo, alipokuja likizo alimtengenezea mashine pepe, yaani kompyuta ya zamani inayofanya kazi ndani ya ile mpya, kwenye dirisha lake lenyewe.

"Ni pepe au mapepo?" dada aliuliza.

"Pepe, dada. Usinitanie."

Akarudi zake ng'ambo. Haikupita muda skrini ya zamani ikafa, Mama Nembo akanunua nyingine, pana kama meza. Mashine pepe ikakataa kutanuka. Ilikaa katikati kama kidirisha cha choo, kushoto weusi, kulia weusi. Maandishi marefu hayakuenea, ikambidi ayasogeze kipande kwa kipande. Ndivyo alivyoruka herufi moja kwenye jina la kwaya, na majoho yote yakarudishwa.

Jumatatu mchana akampigia mdogo wake. Kwa kawaida walipigiana kukiwa na msiba.

"Nani kafa?" mdogo wake aliuliza.

"Hajafa mtu. Skrini haijai."

"Aah! Umenishtua. Haya, nenda menyu ya juu, kwenye vifaa, uweke diski ya nyongeza za mgeni."

"Mgeni gani tena?"

"Hiyo mashine ya ndani ndiyo mgeni. Kompyuta yako ndiyo mwenyeji."

"Basi huyu ndiye mgeni wangu wa kwanza tangu uondoke."

Mdogo wake alicheka kidogo.

Akamwelekeza: sakinisha nyongeza, zima mashine ya ndani, iongezee kumbukumbu ya picha, iwashe tena. Ilipokuwa ikijivuta kuwaka, waliongea habari za goti la dada linalomsumbua, na jinsi alivyokuwa akimbeba mdogo wake mgongoni utotoni, mzito kama gunia. Sauti ya mtoto ikadandia, "Shikamoo, shangazi!" na vishindo vya miguu vikapotea.

Hapo picha ikatanuka ghafla, ikajaa kutoka ukingo hadi ukingo.

"Imejaa?" mdogo wake aliuliza.

Mama Nembo aliitazama skrini. Kila kitu kilionekana, hadi pindo la mwisho la nembo.

"Bado," akasema.

Kesho yake mdogo wake akapiga na wazo jipya. Keshokutwa yake akapiga na jingine. Mama Nembo alimweleza weusi ambao haukuwepo, akajifanya anabonyeza, akajifanya anangoja, na katikati ya kungoja wakapiga soga.

Alhamisi mdogo wake akasema, "Nimechoka kubahatisha. Leo naingia mwenyewe kutokea huku, nione skrini yako."

"Mdogo wangu, acha tu. Ilijaa Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Hii hii."

"Dada! Nimekuwa naomba ruhusa kazini kwa ajili ya hiyo skrini."

"Najua. Nilitaka tu uendelee kuongea."

Angefurahi hata kugombezwa. Mdogo wake alisema, "Haya, dada. Tutaongea," akakata.

Simu ikanyamaza wiki baada ya wiki. Kazi ilikwenda vizuri. Wateja walisifu maandishi, wakabeba mizigo yao, wakaondoka. Mara kadhaa alifungua jina la mdogo wake kwenye simu, akalitazama, akalifunga.

Jumapili moja asubuhi simu ikaita akiwa anadarizi kola.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Hakuna kitu, dada. Naosha vyombo."

Mama Nembo akafungua spika, akaiweka simu juu ya makasha ya uzi. Alisikia maji na sahani zikigongana.

"Hiyo mashine yako hupiga kelele hivyo siku zote?"

"Siku zote."

"Nilishasahau."

Upande ule mtu akaita. Mdogo wake akasema anarudi sasa hivi. Mama Nembo hakukata simu. Aligeuza kola, akaendelea kudarizi, huku akisikiliza bomba ambalo hakuna aliyelifunga.