Ndama wa Nasieku na Siku ya Majani

Nakumbuka siku moja iliyonigharimu ndama jike mweusi, kibuyu cha asali, na baadaye kipande cha ngozi ya mgongo wangu, upana wa kiganja. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili naona nilipunjwa. Lakini wewe, mwanangu, uliniuliza swali ulipokuja na kanga yako mpya, ukaniambia mwezi wa tatu kuna Siku ya Wanawake na kwamba nitafaa kusema maneno machache mkutanoni. Uliuliza, "Shikamoo Bibi, hivi zamani na ninyi mlikuwa na siku kama hii?" Jibu lake ni refu kuliko kanga, ndiyo maana nimeliandika.

Tulikuwa nayo. Haikuwa na tarehe. Kila mwaka, majani mapya yakichomoza baada ya mvua za kwanza, wanawake wa upande wetu huu wa magharibi ya mlima Meru tulikusanyika, tukapita nyumba kwa nyumba tukiimba na kumwomba Mungu watoto na maziwa. Tuliiita Siku ya Majani, kwa kuwa kila mmoja wetu alishika majani mabichi mkononi. Kwetu majani ni amani, mwenye kuyashika hapigwi. Na siku hiyo kulikuwa na sheria nyingine: wanawake wakiketi njiani na majani yao, mwanamume havuki. Awe mzee, awe morani mwenye mkuki, awe na haraka ya namna gani, atasimama hapo. Mwanamume aliyempiga mkewe mjamzito mwaka huo alianza kuumwa tumbo tungali mbali, maana alijua tutaondoka na fahali wake na hakuna wa kumtetea.

Sasa mwaka ninaousema, Mjerumani alikuwa amekwisha kujenga boma lake Arusha, akawa anataka barabara. Kila nyumba ilitakiwa kutoa mwanamume wa kubeba mawe. Mume wangu alikwenda. Mdogo wake alipotakiwa, akakimbilia msituni mlimani. Askari walipomkosa wakamchukua mkewe, Nasieku, wakamfunga kambini hadi mume ajitokeze. Nasieku alikuwa na mimba ambayo ilikuwa karibu kabisa. Hata kuinama kuokota ukuni alikuwa hawezi. Tulichoogopa wote ni kwamba atajifungulia pale, kwenye vumbi, amefungwa kamba mguuni.

Mimi nilikuwa kijana, nimeolewa juzi juzi, na nilikuwa najiona. Nilikijua Kiswahili kwa kuwauzia wapagazi ndizi na ugoro, na hakuna mpagazi aliyewahi kununua kwangu kwa bei yake ya kwanza. Basi, mchana wa siku iliyotangulia Siku ya Majani, nikachukua kibuyu cha asali nikaenda kambini, kule mnakokuita Sakina, ambako siku hizi mafundi wanayapasua magari matumbo. Nikamwita askari mkubwa pembeni.

"Ndama jike wawili," akasema, akionja asali kwa kidole.

"Wawili? Afande, kwani umefunga watu wangapi?"

"Na wa tumboni je? Huyo humhesabu?"

"Ambaye hajazaliwa hana bei, Afande. Hata sokoni hatuuzi kivuli cha mbuzi."

Akacheka. Tukavutana, nikajifanya naondoka, akaniita, nikajifanya sisikii. Mwisho tukapatana ndama mmoja, na asali abaki nayo. Nikarudi nyumbani nikitembea kama niliyeikomboa nchi.

Mama mkwe wangu, tuliyemwita Yeyo, alikuwa akishona shanga kwenye ngozi. Nikamweleza, nikasisitiza pale nilipoishusha bei kwa nusu. Hakuinua macho.

"Umemnunua Nasieku?"

"Nimemkomboa, Yeyo. Kwa ndama mmoja. Alitaka wawili."

"Basi tangu leo kila mwanamke wa mlima huu ana bei," akasema, "na aliyeipanga ni wewe. Mjerumani mwenyewe alikuwa hajafika huko."

Kisha akasema kesho hatutapita nyumba kwa nyumba. Tutakwenda barabarani, na tutakwenda mikono mitupu, na majani tu.

Mikono mitupu, mwanangu. Nilikubali kwa mdomo. Asubuhi, wanawake walipotangulia wakiimba, mimi nilikuwa nyuma kabisa nikivuta ndama kwa kamba. Nilijiambia ni tahadhari. Mchuuzi haendi sokoni bila kitu.

Barabara pale mbele ya kambi ilikuwa imebanwa, huku mwamba unaopasuliwa mawe, huku korongo. Yeyo akaketi katikati. Wote tukaketi, majani yameinuliwa. Wanaume wakaja na mawe vichwani, mume wangu akiwa wa tatu au wa nne kwenye mstari, wakatuona, wakasimama. Askari mmoja akapiga kelele. Hakuna aliyevuka. Akainua kiboko akampiga wa kwanza, akampiga wa pili, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kuyatua mawe chini taratibu, kama watu wanaoweka mayai. Mume wangu alipigwa mbele yangu. Alinitazama mara moja, kisha akatazama majani yangu, wala hakuinua mguu.

Lakini yule askari mkubwa hakuwa mtu wa kwetu. Majani kwake yalikuwa chakula cha ng'ombe. Akawaamuru wenzake wainue bunduki, na nyimbo zikakatika. Nilisikia vyuma vikilia. Yeyo akanyanyuka, akaenda hadi kwenye mdomo wa bunduki ya karibu, akachomeka majani mle ndani, akarudi kuketi. Askari mwenye bunduki ile alibaki ameishika, hajui aitupe au afanyeje. Mkubwa wao akageuka kuitazama njia ya bomani, maana Bwana wake, yule Mjerumani, alikuwa anakuja kukagua, na mawe yote yalikuwa chini. Jasho likamtoka. Akamwambia mtu, "Mfungue yule mwanamke."

Nilimwona yule mtu akiiendea kamba ya Nasieku, pale mlangoni mwa kambi. Na niliona bunduki bado zimeinuliwa. Mwanangu, hofu haina subira. Nikasimama nikavuta ndama hadi mbele, nikasema kwa Kiswahili changu kizuri, "Afande, huyu hapa. Si tulipatana jana?"

Rangi ikamrudia usoni. Akacheka hadi akashika kiuno. Akaichukua kamba ya ndama, akaniachia Nasieku kama anayenipa chenji.

Nasieku alijifungua wiki ile ile, ndani ya nyumba, mtoto wa kike. Yeyo alikata kitovu, akanawa mikono, ndipo akaniambia, "Kamba ilikuwa imekwisha kuguswa. Ungengoja muda wa kutema mate tu."

Kabla mahindi hayajafika magotini wakamchukua mke wa jirani. Mama wa yule mwanamke alikuja kwangu, hakwenda kwa wazee. Akasema, "Askari anasema bei ni ile ile ya Nasieku. Amesema nikuulize wewe mwenye Kiswahili."

Nilikuwa sina ndama mwingine. Naye hakuwa naye. Nilikwenda kwa Yeyo nikiwa siwezi kumtazama. Wazee wa kiume walipinga, wakasema Siku ya Majani imeshapita, hadi mwakani.

Yeyo akajibu, "Majani yapo."

Tukaketi tena pale pale, na safari hii nilikuwa wa mbele. Askari alinitambua. Akauliza, "Leo umeleta nini?" Nikamwonyesha viganja. Hapo ndipo ngozi ya mgongo wangu ilipobaki. Wanaume walitua mawe. Bwana akafika juu ya nyumbu wake, akaona barabara imelala, akamfokea askari, na yule mwanamke akafunguliwa bila hata kwato. Sitaki kukudanganya kwamba Mzungu alituonea huruma. Alihesabu mawe, akaona hasara.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, nawe uwaambie wenzako mkutanoni kama miguu yangu haitanifikisha. Kanga ni nzuri, pilau ni nzuri, sitakataa sahani. Lakini siku ya wanawake ni siku ya kuketi njiani pamoja mpaka aliyefungwa afunguliwe. Ikibidi, iwekeni hata mwezi wa saba. Na mwenzako akishikwa, usikimbilie kuuliza wanataka nini. Ukishalipa mara moja, umempangia bei hata asiye na cha kulipa.

Mungu akuoteshee majani mlangoni. Akupe watoto na maziwa, na mgongo usiojua kiboko, na wenzako wa kuketi nao siku utakapokijua.

Limebaki jambo moja, nami naomba ushauri. Yule mtoto wa Nasieku sasa ni bibi, anaishi Elerai. Jana alikuja na ndama jike, mweusi, mnene, akasema ni deni la mama yake. Nikimpokea, nimekubali kwamba Nasieku alikuwa na bei. Nikimrudisha, nitamliza mzee mwenzangu, na ndama mwenyewe, nimemkagua mara mbili, hana kasoro. Amefungwa hapa nje, anatafuna migomba yangu. Niambie, mwanangu, nifanyeje?