Neno la Kwanza la Kiganda

Neno la kwanza la Kiganda nililofundishwa ni *simanyi*, yaani sijui. Aliyenifundisha alikuwa mwenzangu wa chumba, katika chuo kimoja upande wa Kyambogo, wiki yangu ya kwanza Kampala. Nilimcheka. Nilimwambia kwetu Mombasa mtoto huanzishwa kwa maamkizi, na wewe unanianzishia ujinga.

Hakucheka. "Wewe jifunza hiyo kwanza," akasema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha. "Zingine pole pole."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mdomo wa watu kumi. Nilishuka garimoshi na sanduku la bati lenye vitabu vichache, halua ya mama na miche ya sabuni, maana tulisikia Uganda sabuni imeadimika tangu maduka ya Wahindi yagawiwe wanajeshi. Mwenzangu alipoiona ile sabuni alikaa kitandani akaunusa mche mmoja kwa muda mrefu. Nikampa. Tangu hapo tukawa ndugu. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alinipa ufagio siku ile ile, akanionyesha na pembe za kufagia. Alinifundisha kusimama kwenye foleni kwanza na kuuliza kinachouzwa baadaye, kumwita kila mama *nnyabo*, kula matoke bila kujiunguza vidole, na kuvuka barabara kabla sijafika kwenye lango la kambi ya jeshi. Kila jambo alinieleza linafanywaje. Kwa nini linafanywa hivyo, hakunieleza, nami kwa kiburi changu nilidhani Waganda ni watu wa siri tu.

Kiswahili alinikataza kabisa kukisema mjini. Hilo liliniudhi, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kujivunia. Siku moja nilimtoroka nikaenda soko la Nakawa peke yangu. Nikamwamkia mama mmoja muuza nyanya kwa Kiswahili cha kwetu, kirefu, shikamoo na habari za watoto na za nyumbani. Akainamisha uso. Akanijazia kikapu mpaka nyanya zikamwagika, na nilipotoa pesa akazikataa kwa mikono miwili. Nilirudi chumbani nikijisifu: umeona faida ya ulimi mtamu?

Mwenzangu aliziangalia zile nyanya. "Yule mama naogopa wewe," akasema. "Hapa Kiswahili ni ya maaskari. Yeye nafikili wewe iko nao."

Akanirudisha sokoni kwa miguu, yeye mwenyewe akamlipa yule mama. Nami badala ya kushukuru nilinuna siku mbili, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu chake.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, wanaume wawili walibisha mlango. Hawakuwa na sare. Walivaa mashati ya maua, suruali za bugaluu na miwani myeusi, na kwa akili yangu ya Mombasa askari alikuwa mtu wa kofia na bunduki. Wakanisalimu kwa Kiswahili. Mmoja wao, mwenye pengo, alipojua ninatoka pwani aliniambia alipata kufanya kazi Kilindini, akaniuliza kama samaki bado ni rahisi. Wiki tatu nilikuwa nimefungwa mdomo. Nilifunguka kama bomba.

"Lafiki yako iko wapi?" akauliza yule wa pili. "Sisi nataka kuona yeye kidogo tu."

Kwetu, mgeni akiulizia mtu, kumwelekeza kwa kidole ni utovu wa adabu. Unainuka, unamtangulia, unamfikisha. Nilichapwa utotoni kwa kukosea hilo. Basi nikavaa makubadhi yangu nikawaongoza mpaka nyuma ya bweni, mahali pa kufulia, yule mwenye pengo amenishika mkono kirafiki. Mwenzangu alikuwa ameinama juu ya beseni, akifua shati lake jeupe kwa sabuni yangu.

"Una wageni," nikamwambia kwa furaha.

Aliinua kichwa. Hakuwatazama wao; alinitazama mimi. Uso ule nimejaribu kuueleza maisha yangu yote na ninashindwa. Haukuwa na hasira. Alinitazama kama mwalimu aliyefungua daftari akalikuta kosa lile lile.

Nami nikakimbilia chumbani kuwaletea wageni halua. Niliporudi na sahani, gari la bluu lilikuwa limesogezwa mpaka penye mabeseni, na yule mwenye pengo alikuwa amelikalia buti ili lifungike. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na madirisha yote ya bweni yalikuwa yamefungwa. Gari likaondoka. Nilibaki pale na sahani yangu.

Sababu niliipata baadaye kwa minong'ono: kaka yake alikuwa amevuka mpaka kukimbilia Kenya. Mwenzangu hakurudi. Hakuna aliyekaa meza moja nami tena pale chuoni, na sikuwalaumu. Jioni ile nililitoa shati lake majini nikalianika. Mche wa sabuni ulikuwa umelainika. Niliufuta nikaurudisha sandukuni, kwa kuwa sabuni ilikuwa adimu. Hilo linanitia aibu hadi leo.

Wiki ya pili tangu achukuliwe, mama yake alikuja. Alikuwa ameshasikia kwamba mwanawe amechukuliwa, lakini alikuwa amempikia. Alibeba mafurushi mawili ya matoke yaliyofungwa kwa majani ya mgomba, moja la mwanawe, moja la yule mgeni wa Mombasa ambaye mwanawe alikuwa amemsimulia habari zake. Akapiga magoti mlangoni kuniamkia, kama desturi ya wanawake wa kwao, mimi niliyekuwa rika la mwanawe. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Omwana wange baamutwala wa?" akauliza. Mwanangu walimpeleka wapi?

Kiganda changu kilikuwa kimefika hapo, nilimwelewa. Mama kama yule angeweza kwenda kuulizia, kusihi, kutafuta mtu anayemjua mtu. Nilijua rangi ya gari. Nilijua sura na pengo la yule mtu. Nilijua nani aliwaonyesha njia. Niliogopa, na hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko mapenzi yangu kwa mwanawe.

"Simanyi, nnyabo," nikasema.

Alinishukuru. Kisha akaninyooshea mafurushi yote mawili, la kwangu na la mwanawe, nami nikayapokea kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa.