Maziwa ya Kufungulia

Mimi ni mtoto wa duka. Nimezaliwa Kawajense, hapa Mpanda mjini, nimekulia nyuma ya kaunta ya baba yangu, kati ya magunia ya mchele na mabeseni ya plastiki. Mwanzoni mwa mwaka huu ungeniuliza kuhusu watu wa Katavi, ningekujibu bila kupepesa macho kwamba nawajua wote, maana wote wameshanunua sabuni kwetu. Siku hizi nafundisha Kiingereza kwenye chumba cha kupanga jirani na duka hilo. Wanafunzi wangu wengi wanatafuta kazi kwenye kambi za watalii kule Sitalike, kwa hiyo nikaongeza somo la mshtuko wa utamaduni. Tunatazama video kwenye laptopu yangu, halafu tunaongea.

Video waliyoipenda ilimwonyesha kijana wa Kiafrika aliyefika Ulaya. Anapanda treni, anasalimia behewa zima, hakuna anayemjibu. Darasa lilicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Nami nikawaambia, kwa kujidai ninakokujua vizuri, kwamba mshtuko humpata mtu asiyejiandaa. Nyani haoni kundule.

Katika darasa hilo alikuwepo binti wa Kisukuma kutoka Litapunga, ambako wazazi wake walihamia na ng'ombe wao zamani. Kwa kuongea Kiingereza alikuwa anawapita wote. Kambi moja ilikuwa tayari kumwajiri mapokezi, ila kazi ilikuwa ya kulala hukohuko na baba yake alikuwa hataki kusikia. "Madam, njoo umwambie wewe," aliniomba. "Baba anaheshimu walimu."

Nikaenda Jumamosi kwa bodaboda. Walinipokea kama mkwe. Mzee akaniwekea kiti chenye mto, na mama, ambaye angeweza kunizaa, akapiga magoti mbele yangu na kunimiminia maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu. Yalikuwa yananuka moshi, maana kibuyu hufukizwa, na nzi alishatua kwenye ukingo wa kikombe. Nikakisogeza kikombe kando. Nikasema, "Nisamehe mama, leo nimefunga."

Sikuwa nimefunga. Asubuhi ile nilikunywa supu na chapati stendi. Lakini uongo ulitoka mtamu, na mzee akainamisha kichwa kwa heshima. "Swaumu siyo kitu kidogo, mwalimu," akasema. "Na jua hili." Akamwambia mama aondoe kikombe, nisije nikatamani. Kisha akanisikiliza vizuri kuhusu kazi ya binti yake, akasema nirudi wiki ijayo nichukue jibu. Kwa sura yake nilijua jibu ni ndiyo.

Nikatembea hadi barabarani kusubiri bodaboda. Koo lilikuwa limekauka kwa maneno mengi, na pale pembeni pana kibanda chenye friji. Nikanunua soda ya chungwa. Nilikuwa nimeinua chupa nilipomwona yule binti ng'ambo ya barabara, anahema, ameshika kidumu. Nikadhani amekuja kuniaga. Nikampungia mkono, tena mkono wenye soda. Akasimama kidogo, akageuka, akarudi kwao. Nikasema moyoni, huyu naye ana haya.

Wiki iliyofuata niliwaambia wanafunzi waache video, kila mtu asimulie mshtuko aliouona kwa macho yake. Binti akasimama. Akaongea Kiingereza safi, macho chini. Alisema mgeni alifika kwao akakataa maziwa kwa sababu ya swaumu. Mama akaona mji uko mbali na mgeni atafunguaje na njaa ile, akajaza kidumu, akamtuma ampelekee. Akamkuta mgeni anakunywa soda. Jioni baba akauliza, je, maziwa yatamtosha kufungulia? "Sijawahi kumdanganya baba yangu," alisema. Alipomwambia ukweli, mzee alisema kwamba mtu anayeogopa chakula chako anakuona mchawi.

Mwanafunzi mmoja akauliza kama huyo mgeni alikuwa mzungu.

"Hapana," akajibu. "Ni wa Mpanda."

Hakunitazama. Alinisitiri mbele ya wenzake, na stara ile iliniunguza kuliko kama angenitaja kwa jina. Niliona haya hadi masikio yakawa ya moto. Wakaanza kujadili tabia ya huyo mgeni, mmoja akasema hana malezi, na mimi ndiye niliyekuwa nawasahihisha Kiingereza.

Kesho yake nilirudi Litapunga. Nilikuwa nimejiapiza njiani: nitakunywa kibuyu kizima, nzi na kila kitu, nitaomba radhi. Mzee akanipokea vilevile, kiti na mto. Mama akaja na sinia, akapiga magoti kama siku ile. Kwenye sinia palikuwa na chupa ya maji ya dukani, kizibo hakijafunguliwa.

"Nimekuja kuomba maziwa, mama," nikasema. "Siku ile sikufunga. Niliwadanganya. Naomba mnisamehe."

"Tumeshasamehe," mzee akajibu kwa upole. "Kunywa hayo, mwalimu. Yamefungwa, hakuna mtu wa hapa aliyeyagusa."

Nikauliza kuhusu binti. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anatusikia.

"Mwanangu anasema unawafundisha namna ya kukaa na watu wa mbali," akasema mzee. "Sisi wa hapa karibu umeshindwa kukaa nasi hata kwa kikombe kimoja. Sasa huko nimkabidhi kwa nani? Hapana, mwalimu. Atabaki."

Binti akainuka, akaingia ndani. Mama alikuwa bado amepiga magoti na sinia mkononi, anasubiri. Nikachukua chupa, nikaifungua, nikanywa.