Issa wa Ruangwa, Aliyesahihisha Maneno ya Kernel

Bado haijaniingia akilini. Jumanne tulikuwa tunabishana kwenye simu, Ijumaa natupia udongo kaburini kwake Mbekenyera. Homa tu. Homa!

Mnaonifuata hapa mmezoea moto wangu. Leo sina. Nimechoka.

Wengi hamkumjua. Issa alikuwa fundi kompyuta Ruangwa mjini, chumba kimoja, feni moja. Kazi aliyoipenda haikumlipa: kusahihisha tahajia kwenye kernel, ile programu ya ndani kabisa inayoendesha kompyuta, ambayo watu wa dunia nzima wanaijenga pamoja.

Fundi anayeiandaa huchagua kipi kiwemo na kipi kisiwemo. Kila chaguo lina maelezo ya msaada, kwa Kiingereza. Issa aliyasoma mstari kwa mstari. Akikuta neno limekosewa, anatuma sahihisho kwa barua pepe. Wenyewe wanaliita patch.

Ya kwanza aliituma kwa simu, ikiwa na herufi za rangi, na aya nzima ya kuwajulia hali wao na familia zao. Mashine yao ya barua, inayopokea maandishi matupu tu, ikaikataa. Nilicheka wiki nzima.

Kisha nikamshambulia hadharani, kwenye ukurasa huu huu. "Korosho zetu zinatushinda, wewe unawafuta wazungu makamasi!"

Hakunijibu hapa. Alipanda gari akanifuata Nachingwea, akaketi, akaomba maji.

"Mzee wa makelele," akasema, "wewe umefika chuo. Mimi Kiingereza nimejifunza kwa kamusi. Neno likikosewa, wewe unaliruka. Mimi nalitafuta, silioni, basi najiona mjinga. Nimejiona mjinga miaka mingi, bwana, kwa makosa ya mtu mwingine. Kuna mwenzangu mahali naye ameshika kamusi sasa hivi."

Mimi, mwenye jibu kwa kila mtu, nikaanza kuongelea mvua. Samahani sikuomba. Nilidhani muda upo.

Jana, turubai likikunjwa, mkewe akaniletea kompyuta ya marehemu. "Shemeji, hii aliiulizia hata kitandani. Kuna watu wamemjibu, mimi sielewi."

Nikasoma. Reviewer, mkaguzi wao, alisema sahihisho ni sawa, ila utangulizi wake ni mrefu mno. Aupunguze, atume tena. Kazi ya dakika tano, na mwenyewe ndiyo hivyo hayupo.

Kule kuna utaratibu: kila aliyeipitisha kazi mikononi mwake anaandika jina lake chini, kuthibitisha kwamba anajua ilikotoka. Nimeupunguza utangulizi. Jina la Issa limebaki juu, ndiye mwenye kazi. Langu nimeliandika chini yake, jina kamili. Nimetuma asubuhi hii.

Bado hawajajibu. Wakisema irekebishwe tena, nitairekebisha. Sitabishana nao.

Nisamehe, ndugu yangu. Nimechelewa.

Mungu akulaze pema, Issa.