Bomba Linalomsubiri Waziri

Mwaka juzi nilikuwa kijiji kimoja upande wa Milepa. Bomba jipya limefungwa utepe mwekundu. Maji yamo, ila ni marufuku kulifungua mpaka waziri aje kukata utepe. Kinamama wa kwaya walikuwa wanafanya mazoezi ya wimbo wa kumpokea, ndoo tupu pembeni, mara redio ya mwenyekiti wa kijiji ikatangaza baraza jipya la mawaziri.

"Mkeka wa mawaziri umetoka," mwenyekiti akasema, kajishika kiuno. "Wetu hayumo."

"Tena?" akang'aka mwalimu wa kwaya. "Wimbo huuhuu tumeshaubadilisha jina la waziri mara ngapi?"

"Vumilieni. Huyu mpya akishaapishwa atakuja."

Bibi mmoja akalifuata bomba, akafungua fundo la utepe taratibu, akajaza ndoo, akaufunga tena na kuunyoosha kwa kiganja.

"Bibi, unaharibu uzinduzi!" mwenyekiti akafoka.

"Siharibu, mwanangu. Nimeurudisha ulivyokuwa. Akija ataukuta."

Foleni ikajipanga. Mwenyekiti akatazama huku na huku, kisha akamwita mkewe alete ndoo.

Mabaraza yanavunjwa, mengine yanaundwa. Utepe ule haujakatwa hadi leo, ila fundo lake limelegea sana.