Kadi Nilizoona Haya Kuzihesabu

Aibu hii sijawahi kuisimulia nikaimaliza, na leo msicheke sana, maana mwisho wake hauchekeshi.

Miaka ya sitini, uhuru ungali mbichi, nilirudi Mombasa likizo kutoka masomoni Ulaya na kisanduku cha kadi za matundu, mia mbili na tatu, ambazo zote pamoja ndizo programu yangu: ukiilisha kompyuta kadi hizo, inakokotoa chembe ndogo mno ikipita ndani ya tangi la maji inatoa mwanga kiasi gani, mwanga unagonga kuta na kurudi vipi, na vipokezi (sisi tukiviita macho), vilivyoelekezwa ukutani, vinauona kiasi gani. Bosi wa ofisi moja ya bandarini alikubali kuniachia mashine yao Jumamosi. Bila majibu yale, mwalimu wangu asingenirudisha masomoni.

Ijumaa baada ya sala, baba, aliyekuwa mgonjwa wa kifua, akaniomba niwaonyeshe kadi hizo wazee wenziwe barazani kwetu Ndia Kuu. Nikazigawa (majivuno hayo), huyu akachungulia jua kwenye tundu, yule akajipepea, kisha wakanirudishia. Nikazipanga kwa kufuata mstari wa wino niliouchora mshazari ubavuni mwa rundo zima, lakini kuzihesabu nikaona haya, kwani kumhesabia mgeni alichokishika ni kumwita mwizi.

Jumamosi baba akashikilia kuja, na wazee watatu, kanzu zimepigwa pasi, wakapewa viti. Mashine ikanguruma, ikachapa sifuri, sifuri, sifuri, ukurasa mzima. Baba akauliza taratibu, "Mwanangu, na ile nuru yote imekwenda wapi?"

Nikasema mashine yao mbovu. Fundi wa mashine akailisha kadi zake mwenyewe, ikatoa orodha ya meli bila kosa. Bosi akanirudishia kisanduku changu na kunifungulia mlango, na wazee wakatazama sakafu.

Masomo yakakatika. Baba alifariki kabla ya Ramadhani, na siku ile ya kugawa nguo zake nikaikuta, ndani ya mfuko wa kanzu yake ya Ijumaa, imefungwa ndani ya leso kama kitu cha thamani: kadi iliyoiambia mashine kwamba kuta hurudisha mwanga. Isipokuwapo, kuta huumeza wote. Nililia mpaka mama akaja.

Siku hizi kitu changu kikipita mikononi mwa watu nakihesabu mbele yao, na wenye kununa wanune. Ningezihesabu siku ile, baba mwenyewe angecheka, akaitoa mfukoni, akanipa.